Swamp Thing ya 2019: ilifutwa haijamaliza hata wiki, na bado naitetea

Rimoti Mkononi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za nani angempiga nani kati ya Thor na Superman zimetosha humu. Leo naleta tamthilia ambayo wengi mmeiruka mkidhani ni filamu ya mamba: Swamp Thing, ile ya mwaka 2019 ya kampuni ya komiki ya DC, iliyoonyeshwa kwenye huduma yao ya mtandaoni, DC Universe. Episodi ya kwanza ilitoka Ijumaa ya Mei 31. Alhamisi ya Juni 6 habari zikatoka kwamba imefutwa. Jamaa hawakusubiri hata episodi ya pili itoke! Zilizobaki waliendelea kuziachia kila Ijumaa hadi Agosti 2, jumla kumi, na watu waliziangalia wakijua kabisa hakuna msimu wa pili.

Kama hujaiona na unataka kuiona, ishia hapa. Nitasema mpaka mwisho wake.

Kwa ufupi: Dokta Abby Arcane wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, anarudi mji wa kwao, Marais, huko Louisiana, kwa sababu kuna ugonjwa unaoota majani ndani ya miili ya watu. Anakutana na Alec Holland, mwanasayansi aliyeletwa na tajiri wa mji, Avery Sunderland, halafu tajiri huyo huyo akamfukuza kazi. Wawili hawa wanagundua kuna watu wanatupa kemikali kwenye kinamasi usiku. Kabla episodi ya kwanza haijaisha, Alec anashambuliwa kwenye boti yake, boti inalipuka, na baadaye kuna kitu kinainuka majini kikiwa kimejaa mizizi na matope.

Sasa hoja yangu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuna sheria moja: steringi hafi. Akipigwa risasi, tunajua ilipita begani. Akitumbukia mtoni, tunasubiri mkono utokee. Kwa hiyo lile dude lilipoinuka, wote tukasema "huyo hapo Alec, amegeuka tu", tukaanza kusubiri dawa ya kumrudisha. Na tamthilia inatuachia tuamini hivyo, episodi baada ya episodi.

Lakini angalia walivyogawa kazi. Alec ameigizwa na Andy Bean. Dude limeigizwa na Derek Mears, yule aliyekuwa muuaji Jason kwenye filamu ya Friday the 13th ya 2009. Urefu tofauti, sauti tofauti, mabega tofauti. Waigizaji wawili kwa sababu ni viumbe wawili. Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo, tukalikataa kwa mazoea.

Episodi ya tisa ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu. Dude limekamatwa, limelazwa juu ya meza ya chuma, na Dokta Jason Woodrue (Kevin Durand) analipasua likiwa macho. Hakuna muziki mkubwa. Anaingiza mkono, anatoa kiungo, anakitazama kwenye taa, anakiweka pembeni. Ukikiangalia kwa haraka ni kiungo cha binadamu. Ukikiangalia vizuri ni nyuzi za mmea zilizojisokota zikachukua umbo la kiungo, na hakifanyi kazi yoyote. Kinachofuata ni hicho hicho. Ndani ya lile jitu hakuna binadamu, na hajawahi kuwemo. Alec alikufa kwenye boti. Mimea ilimeza mwili wake, ikameza na kumbukumbu zake, ikaanza kudhani ni yeye.

Baadaye mabaki ya Alec halisi yanatolewa majini. Steringi alikufa episodi ya kwanza, wakuu. Tumemfuata mtu mwingine safari nzima.

Karibuni.

Mdau wa Siti ya Mbele

Nimekaa, nasubiri wajuzi.

Kachumbari

Mkuu mada nzuri, ila umekwepa kilichoiua. Nilisoma kwamba Warner, wenye DC, walikosea hesabu za ruzuku ya jimbo la North Carolina walikokuwa wanarekodi. Walitegemea milioni 40 za dola, wakaambiwa ni 14, wakaona bora wafunge. Yaani karani mmoja kakosea karatasi, sisi tumekosa msimu wa pili.

Rimoti Mkononi

Kachumbari, hiyo stori ilizunguka dunia nzima ndani ya siku moja kwa sababu ni tamu, lakini ofisi ya filamu ya jimbo lenyewe iliikanusha. North Carolina waliachana na mfumo wa zamani wa nafuu za kodi mwisho wa 2014, wakaweka mfuko wa ruzuku wenye ukomo. Kwa tamthilia, ukomo ulikuwa dola milioni 12 kwa msimu. Hiyo ni sheria iliyochapishwa, hakuna mhasibu wa Hollywood wa kuiona kwa mshtuko baada ya kumaliza kurekodi.

Tena dalili zilianza mapema. Mwezi Aprili, kabla hata ya kuonyeshwa, mpango wa episodi 13 ulikatwa ukawa 10 na watu wakaambiwa wafunge kazi. Virginia Madsen, aliyeigiza Maria Sunderland, aliandika Instagram kwa uchungu juu ya hilo, kisha akafuta. Kwa hiyo shoka lilikuwa limeshanyanyuliwa kabla mtazamaji mmoja hajaona chochote.

Maoni yangu binafsi: fuata mwenye nyumba. AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, ilimaliza kuinunua Time Warner, iliyokuwa na Warner na DC ndani yake, Juni 2018. DC Universe, ile huduma ndogo ya kulipia kwa mwezi, ilianza Septemba 2018, ikimkuta mwenye nyumba mpya ambaye tayari anataka huduma moja kubwa ya kushindana na Netflix. Ikaja HBO Max, hiyo huduma kubwa, Mei 2020. Titans na Doom Patrol, tamthilia nyingine za DC Universe, zikahamishiwa huko, na Januari 2021 DC Universe ikabaki maktaba ya komiki tu. Kampuni yenyewe haikutoa sababu ya kueleweka kuhusu Swamp Thing. Lakini ukiwa na tamthilia ya gharama kubwa ndani ya huduma ambayo huna mpango nayo, wa kwanza kukatwa ni nani?

Kachumbari

Sawa, hapo nimekupata. Ila ile ya karani ilikuwa na utamu wake hahaha.

Mwalimu wa Zamu

Nafundisha bailojia, naomba niongezee kwenye hiyo meza ya chuma.

Tukio hilo limetoka kwenye komiki, toleo la 21 la The Saga of the Swamp Thing, Februari 1984, lililoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Stephen Bissette na John Totleben. Kichwa chake ni The Anatomy Lesson, na ndicho kichwa cha episodi ya tisa pia. Kwenye komiki, Woodrue anaeleza kwa mfano wa minyoo bapa. Unamfundisha mnyoo njia ya kupita, unamkatakata, unawalisha wenzake, na wale waliomla wanaijua njia bila kufundishwa. Basi kinamasi kilimla Alec, kikajua alichokijua Alec.

Hiyo minyoo haikutungwa na mwandishi. Miaka ya mwanzo ya 1960 kulikuwa na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, James McConnell, aliyefanya majaribio ya namna hiyo hasa. Aliwasha taa, akawapiga minyoo shoti ndogo ya umeme, wakazoea kujikunja taa ikiwaka hata bila shoti. Kisha akawakata, akawalisha wengine, akadai waliokula walijifunza haraka zaidi. Maabara nyingine zilijaribu kurudia, matokeo hayakusimama, na leo hakuna anayeitegemea kazi ile kama ushahidi kwamba kumbukumbu inaweza kuliwa.

Ila kama msingi wa hadithi ya kutisha, sijaona bora kuliko huo. Ni sayansi iliyowahi kuaminiwa na watu wenye akili zao.

Rimoti Mkononi

Mwalimu, hii ndiyo sababu napenda jukwaa hili. Ngoja niseme tofauti moja. Kwenye komiki jitu linapasuliwa likidhaniwa limekufa, kwa sababu askari walikuwa wamelimiminia risasi toleo lililotangulia. Utamu wake upo hapo: mmea haufi kwa kupigwa risasi ya kichwa. Linaamka, na mzee Sunderland amebaki nalo ndani ya jengo lililofungwa. Tamthilia ikachagua lipasuliwe likiwa hai na likisikia. Mimi naona tamthilia ilikuwa katili zaidi.

Mzee wa Kasheshe

Mnalipamba sana. Mimi niliangalia episodi tatu nikaacha. Superhero gani haruki, hana vazi, hana adui wa kueleweka, anaongea sentensi mbili kwa episodi? Giza mwanzo mwisho, mpaka uongeze mwanga wa TV. Halafu hiyo si kitu kipya, Marvel walishakuwa na Man-Thing. Wamekopi.

Rimoti Mkononi

Mzee wa Kasheshe, kwenye giza sikupingi. Kuna matukio hata mimi nilizima taa ya sebuleni ndipo nikaona kitu.

Kwenye kukopi, mambo ni ya kuchekesha zaidi ya unavyodhani. Man-Thing alitoka Savage Tales namba 1, Mei 1971. Swamp Thing akatoka House of Secrets namba 92, Julai 1971, kazi ya Len Wein na mchoraji Bernie Wrightson. Miezi miwili! Na Gerry Conway, mmoja wa walioandika Man-Thing, alikuwa anaishi nyumba moja na Len Wein. Mtu na mwenzake wa chumba, kila mmoja ana jitu lake la matope kwenye kampuni pinzani. Hakuna aliyempeleka mwenzake mahakamani. Kufanana kwa mwanzo kupo, lakini Man-Thing hana akili ya kujiuliza yeye ni nani, na Swamp Thing hafanyi kitu kingine zaidi ya kujiuliza. Hapo ndipo njia zilipoachana.

Kuhusu kuitwa superhero: ana nguvu, sema hazifanani na ulizozoea. Episodi ya kwanza inaanza na watu watatu kwenye boti usiku, wanatupa masanduku majini. Mti unamshika mmoja. Ukiitazama tena baada ya kumaliza zote utaona kwamba kinamasi kilikuwa kinapigana kabla hata ya Alec kufa. Lile jitu limekuja baadaye kama mkono wa kitu ambacho tayari kilikuwa na hasira.

buda_wa_mtaa

Nairobi hapa. Nyinyi mliiona wapi? DC Universe ilikuwa Marekani peke yake, huku hata ukiwa na pesa ya kulipa hawakutaki. Mimi nilijaziwa kwenye flashi na jamaa wa duka la muvi, imechanganywa na ile ya zamani, nikaanza kuangalia ya 1990 nikishangaa mbona watu wanaisifia.

Rimoti Mkononi

Hahaha buda, pole sana. Ile ya zamani ilienda 1990 hadi 1993 na ina episodi 72. Sabini na mbili! Dick Durock alivaa lile vazi la mpira humo na kwenye filamu zote mbili, ya Wes Craven ya 1982 na ile ya 1989. Namheshimu mzee kwa kuvumilia joto lile, lakini ukilinganisha unabaki unacheka. Ile ikapewa 72, hii ikapewa 10.

Hata hii mpya vazi lake ni la kuvaa, mtu yumo ndani, kompyuta inasaidia tu. Ndiyo maana Abby akilishika bega unaona vidole vinazama kidogo kwenye ukoga. Na kinamasi chenyewe kwa sehemu kubwa kilijengwa ndani ya studio Wilmington, na miti yake na maji yake.

Bi Shani

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa, sasa naomba nimpinge mleta mada kwa heshima.

Kaka, umelia sana kwamba Alec alikufa. Mimi nauliza: nani alimjua Alec? Abby alikutana naye, wakafanya kazi pamoja siku chache, hawajawahi hata kuwa na maisha ya pamoja, jamaa akalipuliwa. Aliyekaa na Abby baada ya hapo, aliyemlinda yule mtoto Susie Coyle, aliyemsikiliza Abby akisimulia ya utotoni, ni hilo dude. Kila kizuri tulichokiona kati yao kilifanywa na mimea. Kwa hiyo siri inapofichuka episodi ya tisa, Abby amepoteza nini? Mtu wa siku chache. Aliyefilisika ni lenyewe. Alikuwa anaamini ana mama, ana shule aliyosoma, ana mikono iliyowahi kushika kikombe, halafu anaambiwa hivyo vyote ni vya marehemu.

Mnasema msiba wa Alec. Mimi naona msiba wa aliyebaki, na hana hata jina lake mwenyewe.

Halafu mnaongelea jitu tu, mmesahau nyumba ya Sunderland. Pale ndipo palinitisha. Maria na Avery walimpoteza binti yao Shawna, alizama akiwa msichana, na Maria anamlaumu Abby kwa sababu Abby alikuwa rafiki yake na alikuwepo. Binti anaanza kumtokea mama yake akiwa na maji yanamtiririka. Mama yeyote angeujua ule mlango ni wa kufungwa. Maria anaufungua, kwa sababu ni mwanawe. Na Avery, badala ya kulia na mkewe, anapiga hesabu za mikopo na za kinamasi. Will Patton kamcheza yule baba kwa upole kiasi kwamba unasahau ni muuaji mpaka anapotabasamu. Mwishowe anamtupa mkewe hospitali ya wagonjwa wa akili ili asimsumbue. Hakuna mzizi hata mmoja kwenye hayo, na ni mabaya kuliko yote.

Rimoti Mkononi

Bi Shani, umenifunga goli. Nilikuwa naangalia upande wa aliyekufa. Hiyo ya kutokuwa hata na jina sikuifikiria.

Ila tazama na mwenzake upande wa pili. Woodrue ana mke, Caroline, anayepoteza kumbukumbu kwa Alzheimer's. Ndiyo sababu yake ya kupasua. Kuna kiumbe kimebeba kumbukumbu za mtu asiyekuwepo, na kuna mwanamke yupo lakini kumbukumbu zinamtoka. Woodrue anaiba vipande vya jitu anavipeleka nyumbani kuvipika. Yaani anarudia ile habari ya minyoo ya Mwalimu jikoni kwake! Wangepewa msimu wa pili, nadhani ndiko walikokuwa wanaelekea.

Bi Shani

Hapo sasa umesema. Na usisahau kwamba anapika kwa mapenzi kabisa, sufuria safi, meza imetandikwa.

Chizi Komiki

Mimi ni wa kulaumu kidogo. Episodi tatu zilizokatwa zinaonekana. Dan Cassidy (Ian Ziering) ana duka la kukodisha kanda, ni mwigizaji wa zamani aliyefungwa pale mjini na mkataba wa kishetani, anapewa dakika nyingi, anageuka shujaa wa komiki Blue Devil, halafu anawasha gari anaondoka. Ndiyo basi? Phantom Stranger anakuja, anasema maneno ya busara, anaondoka. Madame Xanadu anajua kila kitu, hafanyi kitu. Walikuwa wanapanda mbegu za misimu mitatu kwenye shamba la msimu mmoja.

Na mnaolia kwamba DC hawajali, mkumbuke Constantine ya NBC, 2014 hadi 2015, episodi 13, ikafutwa. Huyo Constantine mwenyewe alizaliwa ndani ya komiki ya Swamp Thing mwaka 1985. Ukoo mzima una nuksi.

Mzee wa Kasheshe

Mmenishawishi nirudie. Nikichoka tena nitakuja kuwatukana kwa heshima.

buda_wa_mtaa

Siku hizi naweza kuipata kihalali? Na nianze komiki wapi, maana nikiangalia matoleo naona ni ya tangu babu.

Chizi Komiki

Kuhusu kuiona, Oktoba 2020 kituo cha The CW kiliirusha Marekani, corona ilipokuwa imesimamisha kurekodi na wakakosa vitu vipya vya kuonyesha. Na zipo diski zake. Kwa kwenu angalia huduma mnazolipia, mambo haya yanabadilika kila mara.

Komiki usianzie 1971. Anza toleo la 20, Moore alipoingia, linaitwa Loose Ends, na si bahati kwamba episodi ya kumi ina jina hilo hilo. Kisha 21, na usilale mpaka ulimalize. Ukifika 29 ujue umefika pazuri: lilitoka 1984 bila muhuri wa Comics Code, ule mfumo wa ukaguzi uliokuwepo tangu 1954, kwa sababu yaliyomo yasingepita. Na mwaka 2023 James Gunn, mmoja wa wakuu wa DC Studios, alitangaza kwamba kuna filamu mpya ya Swamp Thing kwenye mipango yao, kwa hiyo bora ujue msingi mapema.

Mwalimu wa Zamu

Swali la mwisho kwa mleta mada. Nilizima ya kumi majina yalipoanza kupita. Mwanangu anasema kuna tukio sikuliona.

Rimoti Mkononi

Mwalimu rudi ukaangalie! Baada ya majina, Matt Cable, yule polisi wa Marais, anaingia kituo cha polisi, anakuta pametapakaa mimea. Aliyemo humo ni Woodrue, amekula vile vipande vyake na sasa ameota majani. Kwenye komiki anaitwa Floronic Man. Ni kama dakika moja tu, na ndicho kitu cha mwisho walichowahi kutuonyesha.